Kibodi ya Bi Cherehani

Shangazi yangu alikuwa na jina la kazini ambalo hakulipenda, na sisi wote tulilitumia hivyo hivyo. Bi Cherehani. Ukishika korido ya kumbukumbu pale hospitali, kabla hata hujafika dirishani kwake, ulisikia vidole vyake: trrrrr, kimya kidogo, trrrrr, kimya kidogo, utadhani kuna mtu anashona sare za shule. Miaka ishirini na saba alikaa dirisha namba mbili akiandikisha wagonjwa. Mafaili yalipotea hospitali ile, tena sana tu, lakini hayakupotea kwake.

Niseme mapema nilichokuja kusema, maana mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Miaka mitatu kabla ya kustaafu, macho ya shangazi yalianza kufa. Presha ya macho, ule ugonjwa unaokula pembeni kwanza halafu unasogea katikati taratibu. Alijua yeye, akajua binti yake, basi. Alitaka kitu kimoja tu: afike siku yake ya kustaafu akiwa amekaa kwenye kiti chake, aagwe kama wenzake, atoke kwa miguu yake kupitia mlango wa mbele. Hakufika. Alibakiza miezi kumi na moja. Na kilichomkwamisha si macho. Ni mimi, mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta wa hospitali, kwa kazi ya dakika kumi niliyokataa kuifanya.

Wakati huo habari ya macho nilikuwa siijui. Wewe sasa unaijua, mimi sikuijua. Lakini usikimbilie kunionea huruma, kwa sababu kuna jambo jingine nililolijua vizuri kabisa, nikalikalia kimya. Tutafika.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, baba akawa mtu wa safari zisizoisha, nikahamia kwa dada yake na kimfuko changu cha nguo. Aliniita "baba" tangu siku ya kwanza, maana nimechukua jina la baba yake mzazi, na akishaniita hivyo hata ningekuwa nimevunja sahani tatu, hasira zilimwishia katikati ya sentensi. Nilipomaliza chuo ndiye aliyeninong'oneza kwamba hospitali inatafuta fundi. Shati la usaili alilipiga pasi yeye, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kola haikumridhisha.

Sasa nikueleze mtambo. Hospitali yetu ilikuwa na kompyuta moja kubwa, imefungiwa kwenye chumba cha baridi kule chini, umri wake na wangu haupishani sana. Humo ndimo zilimokaa kumbukumbu za wagonjwa wote. Kuongea nayo ulihitaji skrini zake maalumu: boksi zito, kioo cheusi, maandishi ya kijani, na kibodi nzito kama tofali, ina vitufe mia moja na ishirini na viwili, kila ukibonyeza kinasema tak. Zilikuwa skrini imara jamani, lakini zilikuwa zimezeeka, na vipuri vyake havikupatikana tena hata kwa dawa. Kila mwezi moja ilizima, na ikizima ndiyo imezima.

Uongozi ukaamua: mtambo wa chini ubaki, skrini ziondoke. Ziletwe kompyuta za kawaida, na ndani yake iwekwe programu inayojifanya ni ile skrini ya zamani. Unaifungua, unaona kioo cheusi na maandishi ya kijani kama kawaida, na mtambo wa chini haujui kwamba umebadilishiwa mtu wa kuongea naye. Wafanyakazi waliipa jina siku ya kwanza tu. Mwigizaji. "Fundi, Mwigizaji wangu amegoma." "Fundi, Mwigizaji kaganda." Nilicheka na mimi, kwa sababu lilikuwa jina la haki.

Tatizo likaja kwenye kompyuta zenyewe. Zilitoka sehemu tatu tofauti, aina tatu, kila aina na mfumo wake. Kwa bahati Mwigizaji alikubali zote. Ila vitufe havikufanana. Kitufe kinachofanya hivi kwenye kompyuta ya maabara, kwenye kompyuta ya wodini kilifanya vile. Na kibodi mpya zote zilikuwa fupi: safu nzima ya vitufe vya juu haipo, vitufe kumi vya mkono wa kushoto havipo. Ilibidi mtu akae aamue: kwenye kibodi hii, kitufe gani kisimame badala ya kipi. Mwigizaji mwenyewe anakuruhusu, unafungua ukurasa wake wa mipangilio, unachagua kitufe, unakiambia kazi yake, unahifadhi. Hiyo ndiyo tuliita ramani ya vitufe. Kila mtu angeweza kuwa na ya kwake.

Angeweza. Mimi nikaamua hospitali nzima iwe na ramani moja. Kompyuta arobaini, aina tatu, ramani moja. Nilikaa wiki mbili naitengeneza mpaka ikafanya kazi sawasawa kwenye mifumo yote mitatu, na sitakuficha, nilivimba kichwa. Mtu akinipigia simu kutoka jengo lolote, sikuhitaji kwenda. Namwambia bonyeza hiki, bonyeza kile, kwisha. Nikachapisha karatasi yenye mchoro wa vitufe, nikaipiga laminesheni, nikabandika chini ya kila skrini.

Kuna mabadiliko mawili kwenye ramani ile unapaswa kuyashika, mengine achana nayo. La kwanza: kwenye kibodi ya zamani, kile kitufe kikubwa cha kulia, kinachokaa chini ya kidole kidogo, kilikuwa cha kuruka. Umemaliza jina, unakibonyeza, unarukia mwaka wa kuzaliwa. Umemaliza mwaka, unakibonyeza, unarukia makazi. Cha kutuma fomu kilikuwa kingine kabisa, kidogo, kule kona ya chini. Mimi nikageuza. Kitufe kikubwa kikawa cha kutuma, kwa sababu ndivyo kilivyo kwenye kompyuta zote za dunia, na cha kuruka nikakihamishia kushoto. La pili: skrini ya zamani ilikuwa inapiga mlio ukikosea. Piip. Nilizima mlio, maana watu arobaini wakikosea kwa pamoja ni kero.

Shangazi alikuwa anafanya kazi kwa mambo hayo mawili. Kitufe kikubwa na mlio. Mgonjwa anakuja dirishani, anataja jina, yeye anaandika anachosikia, anahesabu nafasi kwa kidole: jina, mwaka, jinsia, makazi, ndugu wa karibu, mzio wa dawa. Akikosea, mlio unamwambia. Mgonjwa akija na kadi, Shangazi alimwambia, "Nisomee namba yako mwanangu, nihakikishe," na karatasi ikitoka kwenye printa alimpa mtu mkononi, "Soma kwa sauti, kama kuna kosa tulirekebishe hapa hapa." Watu walimsifu kwa umakini. Mkuu wa kumbukumbu aliwaambia wengine waige. Kumbe mwenzetu haoni herufi hata moja, anaona mwanga wa kioo na kivuli cha kichwa cha mtu.

Atatokea mtu aseme alikosea kuficha, kazi ya hospitali haina mchezo. Sawa, aseme. Ila mimi nilikuja kuzipitia fomu zake zote za gizani, za kabla ya kompyuta mpya, moja moja, na sikukuta fomu mbovu. Anayetaka kumsema aanze na hapo.

Jumatatu ya kwanza ya kompyuta mpya, hata saa nne haijafika, aliniita dirishani kwake.

"Baba, hiki kitufe kikubwa mmekifanya nini?"

"Kinatuma sasa, Shangazi. Kuruka ni huku kushoto. Angalia karatasi nimekubandikia."

Hakuangalia karatasi. Alikuwa ameweka vidole juu ya kibodi kama mtu anayepapasa uso wa mgeni. "Nirudishie kama zamani. Kwangu tu. Wengine waache na cha kwao."

"Haiwezekani."

Nilitamka hivyo, bila kupepesa macho. Haiwezekani. Na ilikuwa inawezekana, tena kirahisi. Nilimaanisha sitaki. Nikimfanyia yeye, dirisha la tatu nao watataka, kesho maabara, kesho kutwa famasia, na ramani yangu moja iliyonitoa jasho itakuwa ramani arobaini. Halafu, tuseme kweli, niliona aibu. Watu wangesema fundi anapendelea shangazi yake.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unayejua." Akageukia foleni. Nilisimama kidogo nikasikiliza. Cherehani ilikuwa inashona inakwama, inashona inakwama, na nikajiambia atazoea, wazee wote ndivyo walivyo mwanzoni.

Siku kama tisa baadaye alikuja karakana kwangu saa ya mapumziko ya mchana. Alikuja akishika ukuta, nikadhani ni magoti. Alikuwa na mfuko mkubwa wa nailoni. Akautua mezani, akatoa ile kibodi yake ya zamani, imefutwa vumbi mpaka inang'aa. Alikuwa ameiomba kwa watu wa stoo kabla haijatupwa.

"Hii haiwezi kuchomekwa kwenye hiyo kompyuta yako?"

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka vile. "Shangazi! Hii hata ukiipeleka makumbusho watakuuliza umeitoa kwa nani. Angalia plagi yake ilivyo. Kompyuta mpya haina tundu la kuingiza hili dude."

Akacheka na yeye, kwa adabu, kama unavyocheka mkubwa wa kazi akitania. "Basi hata ule mlio. Nirudishie ule mlio wa kukosea."

"Mlio unasumbua watu."

"Mimi haunisumbui."

"Wenzako je?"

Akairudisha kibodi mfukoni, akaukunjakunja mdomo wa mfuko. Nikamsindikiza mpaka mlangoni nikimwambia apunguze haraka, aangalie skrini kabla ya kubonyeza. Loh! Nilimwambia aangalie skrini.

Mara ya tatu ilikuwa nyumbani kwake, Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimekwenda na barua. Mganga mkuu alikuwa ameniandikia barua ya pongezi, imegongwa muhuri, kwa kazi nzuri ya kuhamisha hospitali nzima bila kusimamisha huduma hata siku moja. Nilitaka aione kabla ya mtu yeyote. Nikampa, akaishika kwa mikono miwili, akaupapasa muhuri, akanirudishia. "Nisomee wewe," akasema, "nataka kuisikia kwa sauti yako." Nikasoma huku nimejitutumua. Alipiga makofi. Binti yake, yaani binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anaondoa vyombo na hakupiga makofi.

Juu ya meza kulikuwa na ile karatasi yangu ya vitufe. Alikuwa ameibandua kazini akaja nayo. Nilidhani anajisomea. Sikujua kwamba binamu alikuwa akimsomea kila jioni, na yeye anagonga vidole juu ya meza, kushoto ruka, kushoto ruka, kulia tuma, kama mtoto anayekariri hesabu za kuzidisha. Kichwa kilishaelewa zamani. Tatizo mkono. Mkono uliofanya kitu kimoja miaka ishirini na saba, foleni ikiwa ndefu, unakwenda kulekule unakokujua.

"Nifanyie ile kazi, baba," akasema. "Kitufe kile. Nakuomba."

Sikumbuki shangazi aliwahi kuniambia nakuomba. Binamu alisimama na sahani mkononi, akafungua mdomo, na shangazi akanyoosha mkono hewani kumzuia, akakosa kidogo kumgusa, kisha akampata kwenye kiwiko. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu mawili mazima.

"Shangazi, umebakiza mwaka tu," nikasema. "Utazoea, halafu utastaafu. Usinitie majaribuni bwana."

Akasema haya. Akaniuliza kama watoto wangu wamepona mafua. Nikarudi nyumbani na barua yangu.

Kabla wiki haijaisha nilikaa kupitia ripoti za mtambo kama kawaida ya kazi. Ripoti ile inaonyesha fomu zilizotumwa zikiwa nusu. Dirisha namba mbili, mwezi mmoja, fomu arobaini na moja. Madirisha mengine nayo yalikuwa nazo wiki ya kwanza, nyingi tu, kisha zikakauka. Nilijua sababu papo hapo. Kidole kidogo cha kulia, kitufe kikubwa. Mtu anataka kuruka, fomu inaondoka. Wenzake walikuwa wakiiona skrini imebadilika, wanasonya, wanairudisha fomu wanajaza upya. Za shangazi hazikurudishwa. Zilikaa vile vile. Hapo hata mjinga angejiuliza kwa nini huyu peke yake harudishi. Mimi niliona kichwa kigumu. Nikafunga ripoti, nikaenda kunywa chai. Shahidi ni mimi mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata alikuja dereva wa lori, mtu mzima, homa imemkamata, anatetemeka. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Alitaja jina, mwaka, makazi, ndugu, akamwambia shangazi kwa sauti: sindano ya penisilini hainipendi, ilinilaza siku nyingine. Shangazi alisikia. Aliandika. Ila alipomaliza makazi, kidole kilishakwenda kulia. Fomu iliondoka na nafasi mbili tupu, na yale aliyoandika baadaye, ndugu na penisilini, yakaingia kwenye fomu mpya ya mtu ambaye hajafika bado, yakafutika. Hakuna kilicholia. Karatasi ikatoka. Dereva hakuisoma kwa sauti. Aliegemea ukuta tu, na watu nyuma yake walikuwa wanapiga kelele waende. Kwenye mstari wa mzio mtambo ulijaza wenyewe: HAKUNA.

Chumba cha sindano hawakumuuliza mara ya pili. Karatasi ilishajibu. Dakika tano baadaye alikuwa amevimba midomo, pumzi inapita kwa shida kama kwenye mrija uliobanwa. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa mwepesi, akamchoma dawa ya kuzuia, akamwekea oksijeni, akamrudisha. Alilala wodini siku tatu, akatoka mzima. Mungu saidia. Lakini tayari kulikuwa na kikao.

Kikao kilikaa kwenye chumba cha mikutano, meza ndefu, chupa za maji. Naibu wa mganga mkuu, matroni, Mkuu wa kumbukumbu. Shangazi upande mmoja, amevaa gauni lake la bluu la heshima, mikono mapajani. Mimi upande wa pili na kompyuta yangu. Mkuu wa kumbukumbu alikuwa upande wake, alirudia mara mbili kwamba mama huyu hana rekodi ya uzembe. Shangazi alipoulizwa alisema, "Nilimsikia vizuri. Niliandika. Sijui imekuwaje."

Naibu akanigeukia. "Fundi, programu ina hitilafu?"

"Hapana."

"Kuna chochote kilichobadilika, labda kwenye vifaa, ambacho tunapaswa kukijua?"

Hapo sasa. Nilikuwa na ripoti ya fomu arobaini na moja kwenye kompyuta iliyo mbele yangu, imefunguka. Ningesema: ndiyo, mheshimiwa, kitufe kimoja kilibadilishwa kazi, nilikibadilisha mimi, aliniomba nikirudishe mara tatu, nikakataa. Maneno hayo hayamalizi nusu dakika. Nikaikumbuka barua yangu yenye muhuri. Nikawaza wataniuliza kwa nini nilikataa, nami sikuwa na jibu la kumpa mtu mwenye akili timamu.

"Watumishi wote walipewa mafunzo," nikasema, "na karatasi ya vitufe. Madirisha mengine hayana tatizo. Kwa upande wa mfumo, kosa ni la mtumiaji."

Shangazi aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Hakuonekana kukasirika. Nilishindwa kumwangalia, nikajifanya nabonyezabonyeza kitu.

Kwa utaratibu wa hospitali, mtumishi aliyefanya kosa la aina hiyo hupelekwa kwanza kupimwa afya. Daktari wa macho alimaliza naye kwa dakika chache. Jioni hiyo binamu alinipigia simu.

"Ameondolewa," akasema. "Kwa ugonjwa. Wamemwambia asirudi kesho, vitu vyake nitavifuata mimi."

"Ugonjwa gani?"

"Haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni, ndugu yangu! Haoni! Mwaka wa pili sasa haoni. Ulifikiri anakubembeleza kwa kitufe kwa sababu ya nini?" Akakata.

Shangazi hakuagwa. Watu walichanga saini kwenye kadi moja kubwa, wakampa binamu apeleke. Kadi ya kusoma, fikiria. Alitoka kwa mlango wa nyuma wa kliniki ya macho, kwa gari la binamu, na dirisha namba mbili akawekwa binti mmoja wa masijala.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda dirisha lile kabla hapajafunguliwa. Nilikaa kwenye kiti chake. Nikafungua mipangilio ya Mwigizaji, nikakirudisha kitufe kikubwa kiwe cha kuruka, cha kona kiwe cha kutuma, nikawasha mlio, nikahifadhi ramani kwa jina lake. Nilitazama saa kabla na baada. Ilinichukua dakika saba, na mbili kati ya hizo nilikuwa natafuta miwani yangu. Nikaandika jina la uongo kwenye fomu, nikakosea makusudi, ikalia piip. Yule binti alipofika alinikuta hapo nalia, akarudi nje akasubiri korido. Kisha ikabidi niifute ile ramani, maana yeye hakuihitaji.

Ilinichukua siku kumi na mbili kupiga moyo konde kwenda. Nilimkuta sebuleni, amekaa karibu na dirisha, sauti ya redio iko chini kabisa. Binamu alinifungulia mlango akaenda zake jikoni bila neno. Nilikuwa nimepanga maneno ya kutosha, yote yakayeyuka.

"Kwa nini hukuniambia, Shangazi?" Ndicho kilichotoka. Kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

Alitabasamu. "Ningekuambia ungefanyaje? Fundi wa hospitali anajua kwamba wa dirisha namba mbili haoni. Unyamaze, uwe mwongo kwa ajili yangu. Useme, uwe umenifukuza wewe. Ningekuwekaje hapo mwanangu? Niliona bora niombe tu, ukikubali heri, ukikataa basi."

Akapapasa mpaka akapata mkono wangu.

"Nikuambie siri? Siku ile ya kikao, nilikuwa naogopa wewe tu. Nilikuwa najiambia, huyu mtoto kama ameshagundua lolote, leo atajitia matatani kunitetea. Uliposema kosa ni la mtumiaji, moyo wangu ukatua. Nikasema ahaa, hajui kitu. Angejua kitu chochote, huyu asingeweza kusema vile. Namjua, nimemlea mwenyewe." Akanipigapiga kiganja. "Kwa hiyo usijisumbue. Ulisema ulichokijua."

Ningeweza kuliacha hapo. Mpaka leo ninabishana na nafsi yangu kama ningeliacha hapo. Alikuwa ameshanisamehe kwa kosa ambalo si nililofanya, na alikuwa na raha yake nalo, na mimi ningekwenda nalo kaburini bila mtu kujua. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya wangu, na sikuweza kuuvumilia.

"Shangazi, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Macho sikujua. Wallahi macho sikujua. Ila kitufe nilijua. Niliona fomu zako kabla, arobaini na moja, nilijua zinaondoka kwa sababu ya kile kitufe. Naibu aliponiuliza kama kuna kilichobadilika, nilijua jibu. Nilikuwa nalo mbele yangu."

Mkono wake haukuondoka mara moja. Ulibaki pale, ukawa mzito, kisha akauinua akaurudisha mapajani mwake. Redio ilikuwa inatangaza vifo. Aligeuza uso dirishani, kwenye mwanga.

"Hilo," akasema, "ungeniachia tu nisilijue."

Nikasema nisamehe. Akasema amenisamehe, kwa sauti ile ile aliyowasemea watu wa foleni, ya haya mwanangu, anayefuata. Halafu akaniomba nimwitie binti yake, anasikia baridi.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Kila Jumamosi nakwenda. Ananipokea vizuri, anawaulizia watoto, ananiambia nikae, nisile haraka. Binamu hata ananitania siku hizi. Hatujalirudia neno lile, wala shangazi hajanilaumu mbele ya mtu. Ila nyumba ile nilikulia, ufunguo wake nilikuwa nao mfukoni tangu darasa la tano, na sasa nikifika nasimama nje nabisha hodi, nangoja mtu aje anifungulie.